Nianze na milima au na reli ya zamani?

Swali: Mwalimu, habari za kazi. Nina baiskeli ya changarawe, tairi za milimita 38 zenye tyubu, gia ya mbele meno 40, za nyuma meno 11 hadi 42. Mwezi ujao nina siku mbili za mapumziko na njia mbili za kuchagua. Zote zinaunganisha mji wa bondeni, mita 280 kutoka usawa wa bahari, na kituo cha zamani cha reli kilichoko juu, mita 790. Ya kwanza inapita vilimani kwa barabara za changarawe, kilomita 70, na programu ya simu inasema nitapanda jumla ya mita 1,400. Ya pili inafuata tuta la reli iliyong'olewa, kilomita 110, na programu hiyohiyo inasema mpando ni mita 1,150. Wenzangu wananishauri niende kwa reli siku ya kwanza kwa kuwa ni laini, halafu nirudi kwa milima. Niwasikilize? Tairi zangu zinatosha? Na mdogo wangu wa kike, aliyeanza kuendesha juzijuzi tu, anaweza kuja?

Jibu: Salama, ndugu yangu. Mimi ningekushauri kinyume cha wenzako: panda kwa milima, rudi kwa reli. Ila kabla hatujafika huko, tuiondoe mezani hiyo mita 1,150, kwa sababu karibu hakika si ya kweli.

Programu nyingi za simu hazijapima njia yenyewe. Zinachukua mstari wako na kuulaza juu ya ramani ya vimo vya ardhi, ambayo imegawanywa katika miraba ya makumi ya mita, kisha zinasoma kimo cha kila mraba. Kwa barabara ya kawaida hesabu hiyo hukaribia ukweli. Kwa reli inaharibika. Mlima uliotobolewa kwa handaki, programu inaupanda hadi kileleni na kuushuka upande wa pili. Bonde lililovukwa kwa daraja refu, programu inateremka hadi mtoni na kupanda tena. Na pale reli ilipochongwa ubavuni mwa mlima mkali, mstari ukikosea hata mita 10 tu kuelekea juu, tayari umepandishwa mita kadhaa ambazo hazipo. Makosa hayo madogo hujumlishwa kilomita baada ya kilomita, na mchoro unaouona hugeuka meno ya msumeno.

Treni isingeweza kupita kwenye msumeno huo. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma lina mshiko mdogo, na behewa zikiwa zimejaa, mwinuko wa mita 2 kwa kila mita 100 ni kazi nzito kwelikweli. Ndiyo maana wahandisi wa reli kuu walijitahidi kubaki chini ya hapo, wakizidisha kidogo palipokuwa hapana budi. Reli zenye njia nyembamba zilivumilia miinuko na kona kali zaidi, na zile za milimani zenye reli ya meno katikati, ambayo treni huing'ang'ania ikipanda, ni habari nyingine kabisa. Kwa hiyo tupa hesabu ya programu, chukua vimo vya vituo. Kituo cha juu mita 790, mji mita 280, tofauti ni 510. Ongeza kidogo kwa ajili ya mahali reli inaposhuka na kupanda tena, na huo ndio mpando wako halisi ukienda juu. Ukishuka, huna mpando wa kuzungumzia.

Swali linalobaki ni hizo mita 510 zimekaa wapi. Hapa watu wengi hugawanya tu, 510 kwa kilomita 110, wanapata nusu ya asilimia na kufurahi. Reli hazikujengwa hivyo. Kwa kawaida reli hufuata mto bondeni kwa muda mrefu bila kupanda chochote cha maana, kisha bonde linapobana ndipo inapoanza kupanda kwa mwinuko wa juu uliokubalika, bila kupumzika, hadi kwenye mgongo wa mlima. Mfano mzuri ni Great Allegheny Passage huko Marekani, njia ya kilomita 240 hivi kati ya Pittsburgh na Cumberland. Ukitoka Pittsburgh, unapanda taratibu kwa kilomita 200 hadi kwenye mgawanyo wa maji, yaani mgongo wa mlima unaotenganisha mito ya pande mbili, mita 729 kutoka usawa wa bahari, na wala hujui kama unapanda. Ukitoka Cumberland, unapanda zaidi ya mita 500 ndani ya kilomita 38. Mahali unapofika ni palepale, reli ni ileile, ila siku ni mbili tofauti.

Tafuta kimo cha kila kituo cha zamani kwenye njia yako. Mara nyingi kimeandikwa kwenye ramani za zamani, na pengine hata ukutani mwa kituo. Tuseme unakuta kwamba kilomita 80 za chini zinapanda mita 60 tu, na kilomita 30 za mwisho zinapanda mita 450. Hiyo ni asilimia 1.5 kwa kilomita 30 mfululizo. Hapo ndipo nisipokubaliana na wenzako.

Asilimia 1.5 haionekani kwa macho. Unatazama mbele unaona njia iko sawa kabisa, miti imenyooka pande zote mbili, lakini baiskeli haiendi. Wengi hufikiri breki inagusa rimu au tairi limepoteza upepo, wanashuka kukagua. Hakuna kilichoharibika. Kwa mtu na baiskeli vyenye uzito wa kilo 90 kwa pamoja, kwenda kilomita 18 kwa saa kwenye mwinuko huo, juu ya changarawe laini, kunahitaji kama wati 140. Si nyingi. Lakini ni wati 140 kwa saa moja na dakika 40 bila hata dakika moja ya kuacha pedeli, na ukifuata ushauri wa wenzako zinakujia baada ya kilomita 80 za kukanyaga.

Milimani mambo ni kinyume. Kwenye kipande cha asilimia 12, ukienda kilomita 6 tu kwa saa, mtu yuleyule wa kilo 90 anahitaji karibu wati 195. Ni kali, pumzi inakwisha. Lakini kilima kina mwisho, na mwisho wake ni mteremko ambapo miguu inapoa, mgongo unanyooka na makalio yanainuka kwenye kiti. Kwenye reli hakuna anayekuinua kwenye kiti. Mtu aliyezoea vilima akimaliza siku nzima ya reli, analalamikia viganja, shingo na makalio kuliko mapaja.

Sasa tupige hesabu ya saa, kwa sababu kilomita peke yake hudanganya. Kanuni ninayoitumia mimi kwa mwendeshaji wa kawaida kwenye changarawe ni kilomita 18 kwa saa, kisha unaongeza saa moja kwa kila mita 800 za mpando. Njia yako ya milimani: 70 kwa 18 ni karibu saa 4, na mita 1,400 zinaongeza saa moja na dakika 45, jumla saa 5 na dakika 40 hivi. Reli ukiipanda: saa 6 na dakika 6 za umbali, jumlisha dakika 40 za mpando, unakaribia saa 7. Hiyo njia "laini" inakuweka juu ya kiti kwa zaidi ya saa moja kuliko ile ya milima, tena ukikanyaga muda wote. Ukiishusha, ile dakika 40 inaondoka, na kile kipande cha juu kinakwenda haraka kuliko kanuni inavyosema.

Hata hivyo usitegemee kushuka umekaa tu. Kwenye asilimia 1.5 ya changarawe, nguvu ya mteremko inakaribia kumalizwa na ukinzani wa tairi, na ukiacha pedeli baiskeli itatulia kwenye kilomita 15 kwa saa hivi. Utamu wake ni kwamba ukiongeza nguvu kidogo tu, wati 50, unapata kilomita 25 kwa saa. Wati 50 ni kuzungusha miguu huku unapiga soga. Kwa mtu aliyetoka kupanda mita 1,400 jana yake, hakuna dawa nzuri kuliko hiyo.

Jambo moja laweza kukuharibia: upepo. Katika mabonde ya milimani, siku ya jua, hewa huanza kupanda bonde kuanzia mchana na kuzidi alasiri, na usiku hadi asubuhi hugeuka ikashuka. Ukianza safari yako ya kurudi saa 5 asubuhi, utakutana na upepo wa uso kilomita zote za chini, na hapo mteremko wako wa bure unaliwa wote. Anza alfajiri. Na mahali tuta la reli lilipoinuka juu ya mashamba bila kichaka cha kukukinga, upepo unaoonekana mdogo kijijini unakuwa na nguvu juu yake.

Sasa gia zako, na hapa naomba unisikilize vizuri kwa sababu ndipo penye kasoro ya kweli katika mpango wako. Mbele 40, nyuma 42: kwa mzunguko mmoja wa pedeli, gurudumu linazunguka mara 0.95. Ukikanyaga mizunguko 60 kwa dakika, ambao tayari ni mwendo wa mtu anayesukuma kwa taabu, unakwenda kilomita 7.5 kwa saa. Kwenye asilimia 12 hiyo ni kama wati 240. Ukiwa mpanda baiskeli hodari, sawa. Kama si hodari, utafanya mojawapo ya mambo mawili: utashusha mizunguko hadi 45, magoti yaanze kulalamika, au utasimama juu ya pedeli. Na kusimama kwenye changarawe legevu ndiko kunakowaangusha wengi, maana uzito unatoka kwenye gurudumu la nyuma, tairi linazunguka mahali pamoja, baiskeli inakwama na mguu unagusa chini. Badilisha sproketi ya mbele, lile duara la meno lililo kwenye pedeli, iwe ya meno 32 au 34. Ukiwa na 32, mizunguko ileile 60 inakupeleka kilomita 6 kwa saa kwa karibu wati 195, na unaweza kubaki umekaa. Utapoteza mwendo kwenye lami ya mteremko. Achana nao.

Barabara za changarawe za vilimani hazifanani na reli kwa sababu hakuna mhandisi aliyezisawazisha. Zilifuata miguu ya watu na mikokoteni, kwa hiyo zikikutana na kilima zinakipanda moja kwa moja. Zile barabara nyeupe za Toscana nchini Italia, ambazo tamasha la L'Eroica lilianzishwa mwaka 1997 kuzitetea zisiwekwe lami, zina vipande vinavyozidi asilimia 15 ingawa vilima vyenyewe si virefu. Flint Hills za Kansas, zinakofanyika mbio maarufu za changarawe za maili 200 tangu 2006, ukitazama kwa mbali utadhani ni nyika tambarare. Uchovu wake unatoka kwenye vilima vidogo vidogo visivyokwisha, na mawe yake makali ya gumegume yanapasua tairi ubavuni. Kwa hiyo mita 1,400 zako usizipime kwa jumla. Fungua ramani, hesabu ni vipande vingapi vinavyozidi asilimia 10 na virefu kiasi gani. Mita 1,400 za asilimia 5 na mita 1,400 za asilimia 13 hazina undugu.

Kupanda penye changarawe legevu: kaa, vuta makalio mbele kidogo kwenye ncha ya kiti, inamisha viwiko, kifua kishuke. Gurudumu la nyuma linabaki na uzito, la mbele halinyanyuki. Ingia gia nyepesi kabla ya kufika penye ukali, si ukiwa katikati mnyororo umekazwa. Na tazama mita kadhaa mbele, usitazame jiwe lililo chini ya gurudumu.

Kushuka ndiko kunakoumiza watu, basi nikuonyeshe kwa karibu. Barabara ya changarawe inayopitwa na magari huwa na mistari miwili ya magurudumu iliyoshindiliwa, na katikati yake ukingo wa kokoto legevu zilizorushwa na matairi. Nje ya mistari hiyo kuna ukingo mwingine kama huo. Wewe chagua mstari mmoja mapema na ubaki humo. Ukilazimika kuhama, hama kabla ya kona, polepole, ukiuvuka ule ukingo kwa pembe kubwa kadiri uwezavyo. Ukiuvuka kwa kuambaa, gurudumu la mbele linashikwa na kokoto, linafuata ukingo badala ya kukufuata wewe, na hapo unaanguka kabla hujajua. Breki zote mbili fanya kazi nazo kwenye kipande kilichonyooka, mwendo ukatwe kabla ya kona, kisha ziachie unapopinda. Vidole viwili tu kwenye breki, vilivyobaki vishike usukani. Ukikuta vile vijituta vya mawimbi vinavyotingisha mwili mzima, sogea pembeni ya barabara ambako huwa vifupi, inuka kidogo kwenye kiti na ulegeze mikono. Kukaza mikono ndiko kunakokupotezea uelekeo.

Tairi. Milimita 38 zinatosha kwa reli iliyotengenezwa vizuri, ambayo juu yake wamemwaga vumbi la mawe na kulishindilia. Kwa milima yako ningependa 42 hadi 45, mradi fremu na uma wa mbele viache nafasi ya milimita 5 hivi kila upande. Tope lililochanganyika na kokoto likibana hapo linasugua rangi hadi kwenye chuma. Kama uzito wako ni kilo 75 hivi, anzia psi 38 (kipimo cha shinikizo la upepo kilicho kwenye pampu) nyuma na 35 mbele kwa tairi la 38 lenye tyubu. Ukienda kwenye 45 lisilo na tyubu, lenye maji ya kuziba ndani, anzia psi 30 nyuma na 27 mbele, kisha urekebishe. Tairi likigonga rimu kwenye jiwe, ongeza psi 2. Mikono ikifa ganzi kwa mtikisiko, punguza 2. Watu hujaza upepo hadi tairi linakuwa gumu wakidhani watakwenda kasi. Kwenye changarawe tairi gumu linaruka juu ya kila jiwe, na kila mruko ni nguvu yako imepotea.

Nimesema reli "iliyotengenezwa vizuri" kwa makusudi, maana reli za zamani hazifanani. Kuna ambayo reli na mataruma viling'olewa na kokoto zikaachwa vilevile, mawe makubwa yenye kona kali, yamelala bila kushindiliwa. Huwezi kuendesha humo zaidi ya kilomita 10 kwa saa, na meno yatagongana. Kuna nyingine imewekwa lami yote. Vennbahn, kilomita 125 kutoka Aachen nchini Ujerumani kupitia Ubelgiji hadi Troisvierges nchini Luxemburg, sehemu yake kubwa ni lami, na tairi zako za changarawe utazibeba bure. Tafuta picha za karibuni za uso wa njia, zilizopigwa baada ya mvua kama zipo. Mahali reli ilipokata mlima, kuta mbili zinakuwa juu yako, jua haliingii, majani yanaoza na maji hayana pa kwenda. Kipande cha mita 300 cha namna hiyo kinaweza kuwa tope wakati kilomita nyingine zote ni kavu.

Halafu kuna madaraja, na hapa historia inaingia moja kwa moja kwenye miguu yako. Uingereza ilipofunga maelfu ya kilomita za reli baada ya ripoti ya Beeching ya 1963, iliyopendekeza njia zisizoleta faida zifungwe, ardhi iliuzwa vipandevipande. Huyu akajenga nyumba, yule akalima, daraja la chuma likauzwa kama chakavu. Ndiyo maana njia nyingi za huko hukatika ghafla. Marekani ilitunga sheria mwaka 1983 inayoruhusu ukanda wa reli iliyofungwa ubaki mzima kama njia ya watu, ukisubiri siku treni itakapohitajika tena, na kwa hiyo unaweza kuendesha mamia ya kilomita bila kukatizwa. Hispania ilianza mpango wake wa njia za kijani mwaka 1993 na sasa ina zaidi ya kilomita 3,000. Mojawapo, Vía Verde de la Sierra kule Andalusia, ina kilomita 36, mahandaki 30 na madaraja marefu 4, na haijawahi kupitiwa na treni hata moja. Walijenga, fedha zikaisha, wakaacha. Waendesha baiskeli ndio walioirithi.

Kwako wewe maana yake ni hii: daraja lisilokuwepo kwenye reli ni mpando mkali kuliko chochote ulichopanga. Tuta linakuja sawasawa hadi ukingoni, unaona ukuta wa mawe umesimama peke yake na mwenzake ng'ambo, na kati yao hewa. Njia inakushusha kwa kipito chembamba hadi mtoni na kukurudisha juu kwa mwinuko ambao pengine utaupanda ukisukuma baiskeli kwa mkono. Kwenye picha za setilaiti fuata mstari wa reli kutoka mwanzo hadi mwisho, usimame kila unapokutana na mto au barabara kubwa. Na angalia tarehe ya habari unazosoma. Moto wa msituni wa mwaka 2003 uliteketeza madaraja 12 ya mbao katika korongo la Myra kwenye njia ya Kettle Valley, Kanada. Ilichukua miaka kuyajenga upya. Aliyekwenda na ramani ya mwaka uliotangulia alikwama.

Handaki nalo lina masharti yake. Taa ndogo ya kuonekana na wenye magari haikusaidii. Beba taa inayomulika njia, na ya akiba. Handaki la St. Paul Pass kwenye njia ya Hiawatha, mpakani mwa Idaho na Montana, lina urefu wa zaidi ya kilomita 2.6, na ukiwa katikati hakuna nuru ya upande wowote. Miwani ya jua ivue kabla ya kuingia, si ukishaingia, na simama kidogo mlangoni macho yazoee. Endesha katikati, kwa sababu pembeni mara nyingi kuna mtaro wa maji usioonekana hadi gurudumu limeshatumbukia. Ndani ni baridi hata kama nje kuna joto kali, na maji yanadondoka kutoka darini. Koti jepesi livaliwe mlangoni. Tena hakikisha handaki liko wazi msimu huo. Big Savage, la karibu kilomita moja, lililoko kwenye ile Great Allegheny Passage, hufungwa milango majira ya baridi ili barafu isilipasue. Lile la Milseburg, Ujerumani, hufungwa kwa ajili ya popo waliolala.

Maji na chakula visikusumbue sana kwenye reli, ila usidanganyike na neno "kituo" kwenye ramani. Mara nyingi treni haikuweza kupanda hadi kijijini, kwa hiyo kituo kilijengwa bondeni na kijiji kikabaki juu, pengine kilomita 2 za mpando mkali kutoka hapo. Milimani jaza chupa kila unapopata nafasi.

Kuhusu mdogo wako: siku ya milima abaki. Kumpeleka mtu mpya kwenye asilimia 12 ya kokoto legevu ni kumfukuza kwenye mchezo huu. Siku ya pili ndiyo yake. Apelekwe kwa gari hadi kituo cha juu asubuhi na mapema, mshuke pamoja zile kilomita 30 za kwanza. Usimwahidi zote 110. Chagueni kituo cha karibu na kilomita ya 50 ambapo barabara ya magari inakutana na reli, na mkubaliane kabla ya kuondoka kwamba anaweza kuishia hapo akachukuliwa, bila maswali. Avae suruali yenye sponji na glavu, na kila baada ya nusu saa asimame juu ya pedeli kwa dakika moja hata kama haumwi popote, kwa sababu ganzi ya viganja ikishaanza haitoki mpaka ashuke. Kwenye mageti ya mashamba tangulia wewe ukamshikilie geti, na kengele aifunge upande wa mkono asioutumia kubadilisha gia. Kwenye njia hizi kuna watembea kwa miguu wenye mbwa na wapanda farasi, na farasi apitwe polepole baada ya mpandaji wake kuitikia.

Mvua ikinyesha usiku wa kuamkia siku ya kwanza, usibadilishe mpangilio, badilisha saa: ondoka kama saa 2 baadaye, barabara za juu zipate kukauka, maana zinapata jua na upepo mapema. Ile mikato ya reli ndiyo itakayobaki na tope, na utaifikia kesho yake.

Sproketi ya mbele ibadilishwe wiki hii, upate muda wa kuijaribu karibu na nyumbani. Mnyororo huenda ukahitaji kupunguzwa pingili chache.